Nani Aliandika Edensor

Sheffield, 15 Februari 1998

Ami yangu Pandu,

Shikamoo. Salamu zikufikie wewe na mama Bi Mize, pamoja na huo mguu wake. Anaupaka ile dawa niliyotuma, au ameiweka kabatini na vyombo vya wageni? Idi mliilaje? Mimi niliila kazini wodini, biriani ya kwenye kopo, Mungu anisamehe. Wazee wa kifua wamejaa, na baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi.

Sasa sikia kisa. Jumapili iliyopita Kerubo, yule nesi Mkenya ninayepanga naye nyumba, alinijia mbio: "Wewe si ulisema kwenu ni Chatsworth? Kumbe iko hapa tu, ni basi moja. Twende ukasalimie watu wa kwenu!" Nikacheka, tukaenda. Ami, Chatsworth ya huku ni jumba la bwana mkubwa. Mto uko mbele, kondoo wamejaa, na ukitaka samosa utakufa na hamu yako. Nikafikiria ngazi zetu za saruji pale Bayview, Chatsworth yetu ya Durban, na nguo za Bi Mize kwenye kamba, nikajiuliza ni nani aliyekaa ofisini akaona jina hili litatufaa sisi.

Pembeni ya jumba kuna kijiji kinaitwa Edensor, wenyewe hutamka Ensa. Mama mmoja wa duka la chai alitusimulia kwamba zamani, miaka mia na sitini hivi, kijiji kilikuwa kinaonekana kutoka jumbani. Mwenye jumba hakupenda kukiona dirishani mwake. Akakivunja, watu wakajengewa kingine upande wa pili wa kilima. Wallahi nilikiweka kikombe chini. Nyumba moja tu ndiyo iliyobaki kule kwa zamani, peke yake katikati ya majani, nimeiona kwa macho yangu. Husimuliwa kwamba mzee wa humo alikataa kuhama, ingawa wengine wanasema ni hadithi tu.

Nikasema moyoni, mzee huyu wa Kizungu amemshinda baba yangu.

Unajua ninachosema. Nilikuwa na miaka minne serikali ya Wazungu ilipotuondoa Kings Rest, kule Bluff, ikatupeleka Chatsworth. Nimekua nikisikia kwamba kwenye karatasi ya kukubali kuhama, jina la kwanza kabisa ni la Amuri bin Khatibu, na kwamba baada ya Amuri kusaini, wengine nao wakakata tamaa. Hata watoto wenzangu wa chuo cha Kurani walinitupia hilo usoni. Sasa madai ya kurudishiwa ardhi yanafungwa tarehe 31 Desemba mwaka huu, na fomu ninayo hapa mezani. Wanauliza tuliondokaje. Wanataka shahidi aliyekuwa mtu mzima wakati ule. Shahidi wangu ni wewe, maana ndiwe uliyekuwa karani wa kamati ya msikiti. Nakuwekea ukurasa wako humu. Andika ulichokiona, hata kama kinamwaibisha baba.

Mwanao,
Kulthumu


Bayview, Chatsworth, 29 Machi 1998

Mwanangu Kulthumu,

Marahaba, na mara mia. Barua yako ilifika siku nyingi, uvivu ni wangu. Bi Mize anasema dawa anaipaka. Mwongo. Mguu umevimba kama boga, na bado anapanda taxi kwenda sokoni mjini kwa sababu binzari ya hapa Bayview ati haina harufu. Eish, nimeoa jeshi.

Nimecheka na basi lenu mpaka nikakohoa. Miaka thelathini na sita nalala Chatsworth sijui maana ya neno! Marehemu babu yako Khatibu, aliyekuwa akituchapa tukisema Kiingereza mezani, alikuwa na maneno yake: ukiingia nyumba ya watu, kwanza uliza mwenyewe nani. Sisi hatukuuliza. Hebu nifanyie kazi moja kabla sijafa. Nenda maktaba ya huko uniulizie majina hayo mawili, Chatsworth na hilo Ensa lako, yametoka wapi na zamani yaliandikwaje. Usinipe juujuu, nipe mwaka na neno. Unajua mimi nilikuwa karani, napenda vitu vyenye tarehe.

Fomu nimeiona. Miwani yangu imevunjika mguu, nikipata mingine nitaishughulikia. Mambo yale ni ya zamani sana, mwanangu, na mzee wa Kizungu usimpime na baba yako. Kila mtu na kilima chake.

Ami yako,
Pandu


Sheffield, 10 Mei 1998

Ami,

Shikamoo wewe na mama. Mwambie mama nitapiga simu siku ya mapumziko, na nitamwuliza daktari wake, si yeye.

Nimekutii. Nilikwenda maktaba kuu nikamweleza bibi wa pale kwamba ami yangu wa Durban anataka majina. Hakushangaa hata kidogo, kumbe huku ugonjwa huo wanao wengi. Akaniletea kitabu kizito, kila kijiji na orodha ya namna kilivyoandikwa tangu mwanzo. Haya, karani, fungua daftari lako. Edensor: mwaka 1086, katika daftari kubwa la mfalme, ni Ednesoure. Pia utaikuta Edensoure. Namna nyingine nimezinakili katika karatasi ya pili, utajiburudisha nazo. Maana yake ni mteremko wa mtu aliyeitwa Eden, au jina la karibu na hilo. Chatsworth yako, katika daftari hilohilo, ni Chetesuorde. Boma la mtu fulani. Wengine wanamwita Chetel, wengine Ceatt, hawajakubaliana. Kwa hiyo miaka yote unalala kwenye boma la Chetel na kodi hujampa.

Nikamwuliza yule bibi, mbona kila mara namna yake, watu wale hawakulijua jina la kwao? Akasema walilijua vizuri sana, ila hawakuandika wao. Daftari la mfalme liliandikwa na makarani wa watawala wageni, waliokuja na lugha yao. Kisha akanifundisha kanuni ya kazi yao. Usianze na jina la leo, utapotea. Tafuta andiko kongwe kuliko yote, halafu uulize kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Sasa nami nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimelibeba miaka kumi na moja na linaniua. Jumapili ya mwisho ya uhai wake, baba alipokuwa taabani na mimi nina gari nimeazima, aliniomba nimpeleke Bluff akapaone. Nilimjibu hivi: "Ulipatoa kwa mkono wako mwenyewe, leo unataka kupaona cha nini?" Akasema, "Haya, mwanangu." Alhamisi tukamzika. Ami, nimeuguza watu wasiohesabika, wengine wamenitukana, wengine wamenitemea mate, na sijamjibu hata mmoja wao hivyo. Nikamjibu baba yangu.

Ndiyo maana fomu hii naitaka. Hata kama alisaini, nataka iandikwe alivyobanwa, alivyotishwa, chochote unachokijua. Angalau nimfanyie hilo. Miwani imekuwaje?

Kulthumu


Bayview, 2 Agosti 1998

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, nilikuwa na homa, halafu homa ikaisha nikawa sina sababu. Bi Mize anakusalimu.

Orodha ya majina nimeipenda sana. Nimeibandika ukutani jikoni, na jirani yetu amekuja kuuliza kama ni dawa. Nimekuwa nikimfikiria yule mzee aliyebaki kwenye nyumba moja. Kitabu kinasema kama alikuwa na ndugu pale kijijini? Ndugu mdogo, kwa mfano, aliyehama na wengine? Kama hakijasema basi, nauliza tu.

Ukurasa wa fomu siuoni. Huenda Bi Mize ameufungia vitunguu.

Na hilo la Jumapili na baba yako, usilibebe, nakuomba. Hukujua. Nasema hukujua, mwanangu.

Pandu


Sheffield, 20 Septemba 1998

Ami Pandu,

Shikamoo. Natumai nyote wazima.

Sikujua nini?

Barua yako nimeisoma mara nyingi na neno hilo halikai. Nikakumbuka kanuni ya bibi wa maktaba. Jina la baba kwenye ile karatasi nimelisikia maisha yangu yote, lakini karatasi yenyewe sijapata kuiona, nimeona maneno ya watu tu. Basi nikamwandikia wakili anayesaidia familia zetu, nikamwomba nakala. Imefika Jumanne.

Iko mbele yangu. Jina la kwanza, Amuri Khatibu, kwa wino, kwa herufi za Kiingereza zilizolala vizuri, kama za mwalimu. Ami, baba hakujua herufi hizo. Babu alimsomesha chuoni tu, wewe ndiye uliyepelekwa skuli. Baba aliandika kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia, hata orodha ya sukari na majani ya chai. Kule bandarini makarani walimcheka kwa saini yake ya Kiarabu, na alijivunia. Barua zote alizoniandikia akilala kambi ya wafanyakazi kule Point, bandarini, ninazo, hamna hata moja yenye A ya Kiingereza.

Na hii A ninaijua. Imekuwa ikinijia kwa posta tangu niondoke nyumbani.

Nakuuliza kwa heshima zote ulizonifundisha. Nani aliandika?

Kulthumu


Bayview, 1 Novemba 1998

Kulthumu,

Nimeandika mimi.

Nimekaa na jibu hili wiki tano. Bi Mize amenikuta nalia jikoni akadhani ni mguu wake. Nimemwambia yeye kwanza, na sasa hasemi nami, ananiwekea chakula kama mgeni.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1962 bwana wa serikali alikuja kwenye kamati. Akasema tukikubali sote tutaandikwa kundi moja, tutapelekwa Chatsworth pamoja, msikiti wetu tutajenga huko. Wakaidi watatawanywa kila mmoja pake. Nikapewa karatasi nizunguke nyumba kwa nyumba. Wote walinijibu neno moja: "Amuri amesemaje?" Kaka alikuwa nguzo yao. Na Amuri alikuwa amesema hatoki, waje na tingatinga wamkute sebuleni. Nilirudi kwake mara tatu. Mara ya tatu alinifukuza, akaenda zake kazini bandarini. Nikakaa kwenye baraza yake mwenyewe, nikaweka karatasi juu ya goti, nikaandika jina lake. Halafu nikazunguka tena. "Amuri kashasaini." Kabla ya adhuhuri karatasi ilikuwa imejaa.

Miaka yote nimejiambia kwamba nilimwokoa ndugu yangu asitupwe peke yake. Ni kweli nusu. Nusu ya pili sijaisema hata kwenye sijida: nilikuwa nimechoka kuchota maji, na huku walituahidi nyumba zenye bomba ndani. Nilitaka bomba, Kulthumu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilitaka bomba.

Baba yako alikuja kujua malori yalipofika. Alikuja mpaka kwangu, nikadhani ataniua. Alikaa. Akasema, "Nikinena utafungwa, nawe una mke, na mke wako ndiye aliyemnyonyesha mwanangu na ndiye anayemlea." Mama yako alikuwa amefariki, unajua, ukanyonyeshwa na Bi Mize pamoja na mtoto wake, ambaye baadaye alikufa. Akasema, "Mtoto asije akachukia nyumba anayolala. Nitalibeba mimi." Akaenda kulala Point na wafanyakazi wenzake, na chini ya paa langu hakulala hata siku moja. Watu walimpita msikitini bila salamu. Nami nilikuwa nasimama safu ya mbele.

Ulipokuwa msichana ukaniuliza, "Ami, kwa nini baba alisaini?" nikakujibu, "Binadamu huchoka, mwanangu." Ni mimi niliyekutia maneno uliyomjibu Jumapili ile.

Ukurasa wa fomu haukupotea. Ulikuwa chini ya mto wangu tangu Machi. Nimeujaza, nimeandika haya yote kwa mwaka na tarehe, nimetia saini yangu. Uko humu ndani ya bahasha. Wahenga husema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha nikazaa haya.

Sijui nijiite nani kwako.

Pandu


Sheffield, 22 Novemba 1998

Ami,

Nakuita ami kwa sababu sijui jina jingine, na kwa sababu Bi Mize ni mama yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema neno hili mara ngapi juu ya watu wengine! Nimeomba ruhusa kazini siku mbili. Kerubo ananipikia uji na haniulizi kitu.

Karatasi yako nimeituma kwa wakili. Lakini haitoshi. Umeniandikia mimi, mtu mmoja, mbali, kwenye bahasha iliyofungwa. Baba hakudharauliwa ndani ya bahasha. Alidharauliwa msikitini, safu kwa safu, wewe ukiwa mbele. Nataka usimame Ijumaa baada ya sala, useme kwa mdomo wako, kabla ya Ramadhani, wazee wale wangali hai. Usipoweza nitakuja mimi kuisoma barua yako mlangoni, na unajua nitaisoma.

Siahidi msamaha. Acha nitafute kwanza jinsi ya kujisamehe mimi.

Mwambie mama apake dawa.

Kulthumu


Bayview, 13 Desemba 1998

Mwanangu Kulthumu,

Salamu zako kwa mama nimezifikisha. Sasa anasema nami maneno mawili matatu, ya lazima.

Nilisimama Ijumaa, tarehe 4 Desemba. Imamu alinipa nafasi akidhani nataka kutangaza futari. Nikashika nguzo. Nilisema kama nilivyokuandikia, sikupunguza, hata bomba nililisema. Nikasema Amuri bin Khatibu hakusaini, saini ni yangu, na aliyetutoa Kings Rest miongoni mwetu ni mimi. Nikasubiri mtu arushe kiatu. Vijana walinitumbulia macho. Wazee walitazama mkeka.

Kisha Mzee Makame, yule wa nyumba ya kona, ambaye sasa anasali kwenye kiti, akasema bila kuinuka: "Kaa chini, Pandu. Mimi na Amuri tulisoma chuo kimoja kwa baba yenu. Siku uliyoniletea karatasi ile niliiona saini. Amuri na herufi za Kizungu wapi na wapi? Nilijua palepale. Nikachukua kalamu yako nikasaini chini yake." Nikamwuliza, kwa nini? Akasema, "Kwani bomba ulilitaka wewe peke yako?"

Mzee mwingine akasema, "Hata mimi nilijua." Na mwingine. Wanne, watano, wote waliobaki wa rika lile. Walihitaji mtu wa kwanza, mimi nikawapatia, na wakampita Amuri bila salamu kwa sababu walishindwa kumtazama usoni. Makame alilia kama mtoto. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenitukana. Walitoka mmoja mmoja, wakaniacha na nguzo.

Wazee wote watano wameandika ushahidi wao, na wakili ameshaupeleka. Ana risiti yenye muhuri, tarehe 11 Desemba. Kwa upande wa fomu, baba yako ni safi.

Nilitaka nikuandikie mpaka hapo tu. Barua hii nimeichana mara mbili, kwa sababu kinachobaki kitakuumiza, na mimi nimekuumiza vya kutosha. Lakini la kuvunda halina ubani. Nimehesabu watu wa mtaa wetu walioishi siku zile, waliokufa na waliopo. Baba yako alijua. Mimi nilijua. Makame na wenzake walijua, na wake zao walijua, nimewauliza, na Bi Mize naye, kumbe, alijua akasubiri niseme mwenyewe. Karatasi ile haikumdanganya mtu mzima hata mmoja. Aliyeiamini kwa moyo wote alikuwa mtoto wa miaka minne, na ni mimi niliyemkuza akiiamini.

Ami yako,
Pandu